Shilingi 3,300: uchambuzi wa msimu wa korosho wa 2018/19

Mkorosho wa kusini mwa Tanzania una bahati mbili ambazo hazikutungwa na wizara yoyote. Ya kwanza ni kalenda. India, Vietnam na Afrika Magharibi huvuna zaidi kati ya Februari na Juni. Mtwara, Lindi na Ruvuma huanza Oktoba, wakati maghala ya wabanguaji wa Asia yamebaki na mzigo wa zamani. Ya pili ni ubora. Mnunuzi hukata sampuli na kukokotoa ratili za kiini safi zinazopatikana katika gunia la kilo 80, na korosho ya huku kwetu mara nyingi hutoa ratili 48 hadi 54. Hicho ni kiwango kinachompa muuzaji nguvu ya kutaja bei.

Kwa hiyo anayetafuta sababu ya korosho ya Tanzania kupanda na kushuka katika ushindani asianzie shambani. Aanzie kwenye safari ya gunia kutoka kwa mkulima hadi melini: limepita mikono mingapi, kila mkono umekata nini, na je, ahadi iliyotolewa Jumatatu bado inasimama Ijumaa? Wachumi huyaita hayo yote gharama za miamala: kumtafuta mteja, kupima mali, kupatana, kulipana, na kulazimisha mapatano pale mmoja anapogeuka. Ronald Coase alilileta wazo hilo mwaka 1937, na baadaye Douglass North akaonyesha kwamba taasisi za nchi ndizo huamua gharama hizo ziwe kubwa au ndogo. Msimu wa 2018/19 ni kisa ambacho jambo hilo linaonekana kwa kilo na kwa shilingi.

Tuanze na namna biashara inavyokwenda siku ambayo hakuna mgogoro. Sheria ya stakabadhi za ghala ilipitishwa mwaka 2005, na korosho zikaingizwa katika mfumo msimu wa 2007/08. Mkulima huokota, huanika, hutenganisha daraja la kwanza na la pili, kisha hupeleka magunia kwenye chama chake cha msingi, AMCOS. Karani hupima na kuandika risiti. AMCOS hukodi gari hadi ghala kuu, ambako mtunza ghala hupima upya uzito na unyevu, hukagua ubora na kutoa stakabadhi. Stakabadhi za vyama mbalimbali hukusanywa na chama kikuu kuwa katalogi ya mnada, nayo hutangazwa. Hadi zabuni zilipohamia kwenye mfumo wa kielektroniki msimu wa 2024/25, wanunuzi wenye leseni ya Bodi ya Korosho walitumbukiza barua za zabuni kwenye sanduku. Siku ya mnada sanduku lilifunguliwa hadharani, bei ikasomwa kwa sauti, na wakulima waliopo wakaikubali au wakaikataa. Bei ikikubaliwa, mnunuzi analipa benki ndani ya siku zilizowekwa, anapewa hati ya kutoa mzigo, anapakia, anafukiza, anatafuta cheti cha usafi wa mimea na cha uasili, analipa ushuru wa kusafirisha nje, na mzigo unaingia bandarini.

Msomaji asiyejua zao hili ataona urasimu mtupu. Lakini kila hatua ina kazi yake. Mnunuzi wa Tuticorin, mji wa bandari wa India, hawezi kwenda kukagua magunia matatu ya kila mzee wa Tandahimba. Stakabadhi ya ghala inamwambia kwamba tani fulani za ubora fulani zipo, zimefungiwa, na mtunza ghala anawajibika kwazo kisheria. Karatasi hiyo moja huwakutanisha watu wasiojuana wakauziana mali ya mabilioni. Ikiaminika, mnunuzi anaweza kutaja bei ya juu bila hofu. Isipoaminika, atapunguza bei kwa kila shaka aliyonayo, na punguzo hilo halionekani popote kwenye orodha ya makato.

Mfano mdogo wa shaka ni unyaufu. Korosho iliyopimwa AMCOS ikiwa na unyevu wa asilimia 12, ikakauka ghalani hadi asilimia 8, hupoteza uzito bila mtu kuiba hata punje: kilo 1,000 zinakuwa kama 957. Kilo hizo 43 ni za nani? Karani akiandika 1,000 na ghala likaandika 957, chama kina deni kwa mkulima ambalo hakuna mnunuzi atakayelilipa. Kwa hiyo makarani wengi hujilinda kwa kuibia mizani kidogo pale mwanzo, mkulima naye hujilinda kwa kuleta korosho ambazo hazijakauka vizuri. Wote wawili wamepata hasara, na ubora umeshuka. Kipima unyevu kimoja kwenye kila kituo cha kununulia kingemaliza sehemu kubwa ya ugomvi huo kabla gari halijapakiwa.

Mfumo ulikuwa umewahi kupasuka kabla ya 2018. Katika miaka ya mwanzo mkulima alilipwa kwa awamu: malipo ya awali yaliyotokana na mkopo wa benki uliokopwa na chama kikuu kwa dhamana ya stakabadhi, halafu majaleo, yaani malipo ya pili, baada ya mauzo, na bonasi kama kuna kilichobaki. Soko likishuka katikati ya msimu, riba ya benki na gharama hulipwa kwanza, na mkulima hubaki na makombo. Huko Liwale, Aprili 2013, wakulima waliokwisha kupokea Sh 600 kwa kilo walikuwa wakingoja Sh 600 nyingine. Wakaambiwa watapata Sh 200. Nyumba za viongozi zilichomwa moto. Baadaye serikali iliondoa baadhi ya makato na kuelekeza mkulima alipwe mara moja, kwa bei ya mnada, bila mkopo wa kati. Hapo ndipo mfumo ulipoanza kupendwa. Msimu wa 2017/18 ulileta kama tani 313,000, na bei kwenye baadhi ya minada ikavuka Sh 4,000 kwa kilo.

Na hiyo Sh 4,000 ndiyo iliyozaa matatizo ya mwaka uliofuata, kwa sababu kila mtu aliichukua kuwa bei ya kawaida. Haikuwa ya kawaida. Mwaka 2017 soko la dunia lilikuwa kileleni, na mwaka 2018 likashuka. Minada ilipofunguliwa Oktoba 2018, barua za sandukuni zilitaja bei chini ya Sh 3,000, na wakulima wakakataa kuuza. Serikali ilikaa na wanunuzi, ikakubaliwa kwamba bei isishuke chini ya Sh 3,000. Mnada bado ukasuasua. Waliojiandikisha walitaka kuchukua tani chache kuliko zilizokuwa ghalani. Tarehe 10 Novemba mawaziri wa kilimo na wa viwanda na biashara waliondolewa. Wanunuzi wakapewa muda hadi tarehe 12 kutamka kiasi watakachonunua, na siku hiyohiyo Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa Sh 3,300, fedha zikitoka Benki ya Maendeleo ya Kilimo, na Jeshi la Wananchi likisomba mzigo.

Si haki kuusimulia uamuzi huo kana kwamba haukuwa na sababu. Wanunuzi wachache, wanaokutana kila wiki mji uleule na kulala hoteli zilezile, wana kila nafasi ya kupatana wasizidiane bei. Sanduku la siri halikuwazuia, na wakulima walikuwa na haki ya kushuku. Swali la uchambuzi ni jingine: je, bei waliyoitaja wanunuzi ilikuwa ya wizi, au hesabu yao ilifika hapo?

Tuipige hesabu. Dola ilikuwa karibu Sh 2,290. Sh 3,300 kwa kilo ni dola 1,441 kwa tani. Weka dola 60 za kusomba, kupakia, kufukiza na gharama za bandari. Makadirio tu, lakini si mbali. Jumla 1,501. Kisha kuna ushuru wa kusafirisha korosho ghafi: asilimia 15 ya bei ya melini (bei ya mzigo uliokwisha pakiwa) au dola 160 kwa tani, iwayo kubwa. Kwa kuwa ushuru unakokotolewa juu ya bei ya melini, gawanya 1,501 kwa 0.85. Inatoka dola 1,766. Maana yake, anayenunua kwa Sh 3,300 lazima apate zaidi ya dola 1,766 kwa tani ndipo aanze kuona faida. Fanya vivyo hivyo kwa Sh 2,700: 1,179 na 60, gawanya kwa 0.85, unapata dola 1,458. Tofauti ya Sh 600 mnadani ni dola 308 melini. Ushuru huikuza kila nyongeza ya bei ya mkulima kabla haijamfikia mteja wa nje, na wanaojadili bei hadharani hulisahau jambo hilo karibu kila mwaka.

Halafu kuna muda. Tani ya dola 1,500 iliyonunuliwa kwa mkopo wa riba ya asilimia 12 inakula senti 49 kwa siku, au dola 15 kwa mwezi. Hiyo ni gharama ndogo. Kubwa ni ubora na kalenda. Kama ratili 50 zina thamani ya dola 1,500, kila ratili moja inayopotea ni dola 30. Korosho iliyoingia ghalani mwezi wa Novemba, mvua zikaanza, maghala yakajaa hadi magunia yakapangwa sehemu zisizopitisha hewa, haitoki Aprili na ratili zilezile. Na wakati huo Côte d'Ivoire, mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, inamwaga zao jipya sokoni. Faida ya kuvuna Oktoba ina miezi mitatu tu ya uhai. Ikipita, korosho ya Mtwara inashindana na ya Abidjan ikiwa imechakaa.

Ndivyo ilivyokuwa. Mzigo ulisombwa, ila hakukuwa na mteja. Januari 2019 ulitiwa saini mkataba wa kuiuzia kampuni moja ya Kenya tani 100,000 kwa kama Sh bilioni 418. Fedha hazikuja, na mkataba ukavunjwa. Viwanda vya ndani havikuwa na uwezo wa kubangua zaidi ya sehemu ndogo. Korosho zikaendelea kukaa ndani wakati zile za Afrika Magharibi zikiuzwa.

Upande wa malipo ulikuwa na kisa chake. Serikali haikutaka kuwalipa wachuuzi wa kangomba, wanaonunua korosho nje ya mfumo, waliojificha kwa majina ya wakulima, ikaanzisha uhakiki: mwenye kilo nyingi, zaidi ya 1,500, alitakiwa aonekane na shamba lake lionekane. Nia inaeleweka. Lakini timu za uhakiki zilikuwa chache, mashamba yako mbali, na majina kwenye daftari la AMCOS hayalingani na ya akaunti za benki. Hamisi wa daftarini ni Khamis wa benki, na mume anauza korosho za shamba la mke. Malipo yaliburuzwa hadi ndani ya mwaka 2019. Wasafirishaji, watunza ghala, AMCOS zenyewe na wauza magunia, ambao kwa kawaida hulipwa kwa makato kutoka fedha za mnada, walibaki wakidai, kwa kuwa mnada haukuwepo. Halmashauri nazo zilizoea asilimia 3 ya ushuru wa mazao. Bajeti zao zikatoboka.

Kangomba yenyewe inastahili maneno zaidi, maana huzungumzwa kama jina la mhalifu tu. Ni ununuzi wa nje ya mfumo: mtu anakuja kijijini mwezi wa Julai au Agosti, mkulima ana mgonjwa au ada ya shule, anapewa fedha leo na atalipa kwa korosho ya Oktoba, kwa kipimo cha mnunuzi na bei ambayo yaweza kuwa theluthi ya ile ya mnada. Ni unyonyaji, hakuna ubishi. Lakini ni mkopo unaopatikana dakika kumi, bila fomu, bila dhamana ila neno, na hakuna benki iliyofika hapo kijijini Julai. Askari hawaiondoi. Malipo ya mnada yanapochelewa, mkopeshaji wa kangomba ndiye pekee anayebaki na fedha mkononi. Uhakiki uliotungwa kumkomoa ulimrefushia soko lake.

Jambo lililotangulia hayo yote lilitokea bungeni Juni 2018, na kwa maoni yetu lilidhuru kuliko tamko la Novemba. Kwa sheria ya zamani, asilimia 65 ya ushuru wa kusafirisha nje ilirudi kwenye zao: pembejeo, utafiti, uendelezaji. Sheria ya fedha ya mwaka huo ikaupeleka wote mfuko mkuu wa serikali, baada ya mjadala mkali ambao wabunge wa kusini waliupoteza. Athari yake inaanzia kwenye mkorosho. Ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, hushambulia maua, na kinga yake ya kawaida ni salfa ya unga: gramu 250 kwa mti, mizunguko mitano, kila baada ya wiki mbili hadi tatu, kuanzia maua yanapochipua. Ni kilo 1.25 kwa mti kwa msimu, yaani mfuko wa kilo 25 hutosha miti 20. Salfa ikichelewa kufika kwa wiki sita, mizunguko miwili au mitatu imepotea, na hakuna fedha ya Oktoba itakayolirudisha ua lililokwisha kauka Julai. Msimu wa 2018/19 ulileta karibu tani 225,000, na 2020/21 karibu 210,000. Hali ya hewa ilichangia. Lakini zao ambalo mfuko wake wa pembejeo umehamishwa wiki chache kabla ya kupulizia haliwezi kupangiwa bajeti na mkulima wala na muuza salfa. Miaka iliyofuata serikali ilirudi kugharamia pembejeo kwa ruzuku, na uzalishaji ukapanda.

Swali linalofuata huwa ni hili: kama kusafirisha ghafi kuna matatizo haya, kwa nini tusibangue wenyewe? Jaribio la kwanza lilikuwa la gharama kubwa. Kati ya miaka ya sabini na themanini vilijengwa viwanda 12, vingi kwa mkopo wa Benki ya Dunia, vyenye uwezo wa zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka. Uzalishaji, uliofikia kama tani 145,000 mwaka 1973/74, ulikuwa umeporomoka hadi karibu 16,500 ifikapo 1986/87: watu walihamishiwa vijijini wakaiacha mikorosho yao, bei ilikuwa duni, na ubwiriunga ukamalizia. Mashine zilisimama, na baadhi ya majengo yakaishia kuwa maghala.

Leo kikwazo ni kingine, nacho kiko ndani ya mnada wenyewe. Chukua kiwanda cha tani 5,000 kwa mwaka. Mnada unadumu kama wiki kumi. Katika wiki hizo kinapaswa kununua malighafi ya miezi kumi na miwili, taslimu, ndani ya siku chache baada ya kila ushindi. Kwa Sh 3,000 kwa kilo ni Sh bilioni 15. Mzigo unapungua kadiri unavyobanguliwa, kwa hiyo kwa wastani nusu yake inakaa ghalani mwaka mzima. Kwa riba ya asilimia 16 ni Sh bilioni 1.2, sawa na Sh 240 kwa kila kilo ghafi. Mbanguaji wa Vietnam hana mzigo huo. Ananunua Afrika Magharibi Machi, Kambodia Aprili, Tanzania Novemba, na ghala lake halihitaji zaidi ya miezi michache ya akiba. Ushuru wa asilimia 15 unampa mbanguaji wetu kinga ya kama Sh 480 kwa kilo kwa bei ya melini ya dola 1,400, na nusu ya kinga hiyo imeliwa na riba kabla hajawasha tanuri. Ndiyo maana karibu tisa ya kila kumi bado huondoka na maganda. Kumwambia anunue mashine mpya bila kugusa jinsi anavyopata malighafi ni kumuongezea deni. Kilichowahi kusaidia ni kuwatengea wabanguaji minada ya awali na kuwaruhusu wachukue mzigo kwa mafungu wakiwa wameulipia kwa mafungu, ghala likishika dhamana.

Msimu wa 2019/20 mnada ulirudi na wanunuzi binafsi wakarudi nao, kwa bei za karibu Sh 2,500. Wengi wataeleza kwamba soko la dunia lilikuwa chini. Ni kweli kwa sehemu. Sehemu nyingine ni bima ya hofu: mtu aliyeona mnada ukifungwa kwa tamko la siku mbili huweka akiba ya hatari kwenye bei yake. Akiweka dola 50 tu kwa tani, ni Sh 115 kwa kilo. Kwa tani 200,000 ni Sh bilioni 23 ambazo mkulima hakupata na hazina haikupata. Hofu ya namna hiyo haifutwi kwa tangazo la kuikanusha. Inapungua msimu kwa msimu, kila mnada unapofunguliwa tarehe iliyotajwa na kila hati ya kutoa mzigo inapoheshimiwa.

Tangu 2024/25 zabuni zimehamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa, TMX, na minada ya kwanza ya msimu huo ilivuka Sh 4,000. Uzalishaji nao ukapita tani 500,000. Skrini imepunguza mambo mawili: nafasi ya kuchungulia barua ya mwenzako, na safari ya kuja Newala kwa ajili ya sanduku. Haijagusa mizani ya AMCOS, wala unyevu wa Novemba. Ujazo umepita mara moja na nusu ya ule wa 2017/18 na maghala hayakuongezeka kwa kasi hiyo, kwa hiyo anayefuatilia msimu aangalie namba tatu kabla ya bei: siku kati ya mnada na fedha kuingia kwa mkulima, siku kati ya malipo ya mnunuzi na gari lake kutoka ghalani, na idadi ya makontena matupu yaliyopo bandari ya Mtwara wiki ya kwanza ya Novemba.